Miguu ya Severini

Ninyi wanangu mnaobeba mkoba wa dawa kwenye timu siku hizi, nawaona kwenye runinga mkikimbilia uwanjani na kopo la dawa ya kupuliza. Mnapuliza, mchezaji anainuka, watu wanapiga makofi, mnarudi benchi mmependeza na traksuti zenu. Sina wivu. Labda kidogo. Mkoba wangu mimi ulikuwa wa turubai, umeshonwa na fundi viatu wa sokoni, na viganja vyangu vilinuka dawa ya kuchulia misuli hadi nikimega ugali nyumbani watoto wananilalamikia.

Nilikuwa nesi wa zahanati ya kiwanda cha sabuni, kule Kihonda. Kiwanda kilikuwa na timu ya mpira, kama viwanda vingi vya Morogoro enzi zile, na wachezaji wote walikuwa waajiriwa. Huyu yuko kwenye mitambo, yule anapakia makatoni, mwingine analinda geti. Asubuhi kazini, alasiri mazoezini. Uongozi ukaniongezea timu juu ya zahanati bila kuniuliza kama napenda mpira. Sikuupenda. Niliona ni wanaume wazima wanaokimbizana bila sababu. Sasa nimestaafu, nakaa Mafiga, kiwanda kimegeuka godauni, na mechi ikiwa redioni siwezi hata kupika.

Vijana hunijia na kuniuliza ni mchezaji gani bora niliyewahi kumhudumia. Wanategemea nitaje mfungaji. Nikisema Severini, wanatazamana. Hata watu wazima waliokuwa wakijaza uwanja kila Jumapili wanakuna vichwa. Severini yupi huyo? Jambo hilo linaniudhi, na ndilo lililonikalisha niandike.

Lakini nianze na Mzee Chande, maana bila yeye hata mimi nisingemwona Severini. Alikuwa dresa, mfunga vidonda wa siku nyingi, na kabla yangu ndiye aliyekuwa akiwachua wachezaji. Siku yangu ya kwanza alinikalisha benchi akanikataza kutazama mpira. Mpira una watu wa kutosha wa kuutazama, alisema, wewe tazama miguu. Nilimwona mzee aliyechoka na kazi. Baadaye nikaelewa. Mtu anayeumia huanza kukanyaga vibaya muda mrefu kabla hajaanguka, na ukimsubiri aanguke umeshachelewa.

Alinifundisha kugusa. Kiganja kizima kwanza, si ncha za vidole, maana ncha za vidole zinamtisha mgonjwa. Anza na mguu mzima ndipo uende kwenye ulioumia, upate cha kulinganisha. Mchezaji usimwulize anaumwa wapi mbele ya kocha, kwa sababu mbele ya kocha hakuna anayeumwa. Na kubwa kuliko yote, alilonirudia mpaka nikalichoka: usiseme uongo kuhusu mwili wa mtu, hata kwa nia njema. Siku ukisema mgonjwa ni mzima, au mzima ni mgonjwa, hakuna atakayekuamini tena, na nesi asiyeaminika mkoba wake ni mzigo tu.

Tuligombana kwa jambo moja. Mzee Chande kila uvimbe aliumwagia maji ya moto yenye chumvi. Mimi nilipelekwa semina Dar es Salaam nikarudi na habari za barafu. Akaniambia barafu ni ya soda na samaki. Basi kumbe alinitabiria. Siku moja nilinunua bonge la barafu kwa wauza samaki sokoni, nikalifunga kwenye kanga, na wakati wa mapumziko nikalibandika kwenye paja la winga wetu. Sikuliosha. Kipindi cha pili kijana wa watu alinuka perege mpaka beki wa wenzetu akawa anamkabia mbali, na bao letu la siku hiyo lilipitia upande huo. Mzee Chande alicheka akashika mbavu, akakubali kwamba barafu ina faida zake. Kwa hiyo ninyi mnaofanya kazi mahali pasipo na jokofu, barafu ya samaki isuguliwe kwa maji safi kwanza, na kitambaa kikae kati yake na ngozi, la sivyo utamwunguza mtu kwa baridi.

Sasa Severini. Alitoka Mgeta, huko juu Uluguru, kwa watu wanaolima kabichi na njegere kwenye matuta ya milimani. Alikuwa mfupi, mpole, na mkimya hadi ukasahau kwamba mko naye chumbani. Kazini alikuwa kwenye mapipa ya kuchemshia sabuni. Uwanjani alicheza kiungo wa chini, yule anayesimama mbele ya mabeki, anavunja mashambulizi, anachukua mpira na kumpa mwenzake wa karibu. Basi, kazi imekwisha. Hakufunga. Hakupiga chenga. Jukwaa lilimpa kila mchezaji jina la utani isipokuwa yeye, na si kwamba walimchukia, hawakuwa na la kumsema.

Mimi nilichokiona ni miguu yake. Ugoko wa Severini ulikuwa kama gogo la muuza nyama, kovu juu ya kovu. Na mabeki wawili waliocheza nyuma yake, majitu marefu yenye kelele, walikuwa na ugoko laini kama wa bibi harusi. Nilishangaa msimu mzima. Mabeki gani hawa wasiopigwa? Kisha siku moja nikiwa nimemtazama yeye tu, kama nilivyofundishwa, nikaona. Mateke yote yaliyokuwa yakienda kwa wale wawili yalimkuta yeye njiani. Alifika mapema kidogo kuliko kila mtu, akapigwa, akaondoka na mpira, na jukwaa likawa limeshahamisha macho kwenda mbele kumtazama Kassim.

Mama yake alikuwa akiniletea mboga. Mwanawe alikuwa amemwambia kuna Sista anamtunza, na Sista ndivyo timu yote ilivyoniita, kama manesi wengi wanavyoitwa. Mama wa watu akadhani ni mtawa. Aliposhuka mjini mara ya kwanza, akanikuta mlangoni pa zahanati na ushungi wangu, akasita, kisha akanisalimia, "Tumsifu Yesu Kristo." Nilikuwa nimeshakula njegere zake nyingi mno kuanza kujieleza. Nikamjibu, "Milele amina," akafurahi, na tukawa marafiki mpaka alipofariki.

Kassim nilishamtaja. Huyo ndiye aliyekuwa nyota wetu, mshambuliaji, Mnyamwezi wa Tabora. Mzuri wa sura na alijua. Alikuwa bingwa wa kufunga na bingwa wa kujiangusha. Akiguswa na upepo anagaragara, anashika mguu, anamwita mama yake. Nikimfikia ananikonyeza. Wanyamwezi na Waluguru ni watani, na Kassim alimfanya Severini chakula chake cha kila siku. Atamwita mtu wa kabichi, atamwambia timu imemchukua kwa kumwonea huruma, atamwuliza kama kwao Mgeta mpira haujawahi kuporomoka bondeni ukapotea moja kwa moja. Severini naye, aliyekuwa hazungumzi na mtu, kwa Kassim alikuwa na jibu. Alikuwa akimtupia viatu vyake na kumwambia ninyi babu zenu walikuwa wapagazi, bebeni. Mgeni angedhani watazipiga. Sisi tulijua ni utani, na tulijua pia kwamba mtani ndiye anayekuja kukuchotea maji siku ya msiba.

Kisha likaja soko huria. Madukani zikajaa sabuni za nje zenye harufu ya maua, na yetu ilinuka sabuni. Mitambo ikawa inafanya kazi siku mbili tatu kwa wiki. Tukasikia kiwanda kinauzwa, halafu tukasikia kimepata mnunuzi, halafu tukasikia watu watapunguzwa. Vijana wa leo neno hilo la kupunguzwa mnalisoma vitabuni. Sisi tulikuwa tukilala nalo.

Kocha wetu aliitwa Mbaruku, sote tukimwita Mwalimu. Aliwakusanya wachezaji akawaambia ukweli. Mwenye kiwanda mpya amekubali timu ibaki, ila ndogo. Wachezaji watakaochaguliwa wanabaki na timu na kazi zao. Wasiochaguliwa wanaondoka na wale wengine wanaopunguzwa. Uchaguzi ni wake yeye Mwalimu, na ataufanya baada ya mambo mawili: zoezi la kupanda mlima wiki ile, na mechi ya kirafiki ya Jumapili dhidi ya timu ya Dar, ambayo tajiri mwenyewe atakuja kuitazama.

Kesho yake asubuhi Severini aliingia zahanati akafunga mlango nyuma yake. Akakunja suruali. Goti la kushoto lilikuwa limevimba, limejaa upande wa ndani. Niligusa la kulia, nikagusa la kushoto, na nilipolisukuma kidogo pembeni alifumba macho. Kano lilikuwa limevutika. Halikuwa limekatika, na lingepona, lakini kwa kupumzishwa wiki kadhaa. Nikamwambia hivyo.

Mke wake alikuwa na mtoto mchanga. Mashamba ya Mgeta yalikuwa yameshagawanywa, na kipande kilichobaki kisingelisha hata mama yake. Na alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba kocha anayechagua wachache hachagui mtu mwenye goti bovu, hasa mtu ambaye hata akiwa mzima hakuna anayemtaja.

"Sista," alisema, "naomba usimwambie Mwalimu."

Nilimjibu kwamba sitamfuata Mwalimu kumwambia, lakini akiniuliza sitamdanganya. Hakubishana. Alinishukuru, akashusha suruali yake, akaenda kwenye mapipa. Nilikaa nikitazama ule mlango na nilijisikia vibaya sana. Kuna siku kazi hii inakutaka uwe na moyo mgumu, na hakuna semina ya jambo hilo.

Mlima wenyewe ulikuwa desturi ya timu. Tulitumia njia ya Morningside, inayopanda kutoka mjini kupita mashamba na vijito hadi kwenye ile nyumba ya zamani ya Wajerumani. Wachezaji wanapanda wakikimbia, wanageuka, wanashuka. Watu hudhani kupanda ndiyo shughuli. Kupanda ni mapafu. Goti linajulikana wakati wa kushuka, kwa sababu kila hatua linabeba mwili mzima na kuuzuia usitangulie. Mwenye goti bovu atashuka upandeupande kama anayeteremka ngazi. Mwalimu alilijua hilo vizuri, na ndiyo maana hakuwa akipanda nao. Alikuwa akiketi chini kwenye jiwe, mimi pembeni yake na mkoba, akitazama wanavyorudi.

Siku zote Kassim alikuwa wa kwanza kutokea, mbio, kifua mbele, aonekane. Siku hiyo hakutokea. Muda ukapita. Mwalimu akasimama, akaketi, akasimama tena. Kisha tukawaona kwenye kona ya juu, wote kwa pamoja, fungu moja, wakitembea polepole kama wanaosindikiza maiti. Mbele alikuwa Kassim, mikono shingoni kwa mabeki wawili, akirukaruka kwa mguu mmoja na kuugulia kwa sauti. Wengine walikuwa wameshikana mabega nyuma yake. Severini alikuwa katikati yao, ameshikwa kama walivyoshikwa wote, na katika fungu lile usingejua nani anachechemea na nani anamfuata mwenzake.

Mwalimu aliniamuru nimtazame Kassim. Nilimlaza kwenye nyasi. Nikagusa mguu mzima, nikagusa ulioumia. Kifundo cha mguu kilikuwa kikavu, cha baridi, kinazunguka kama bawaba iliyotiwa mafuta. Nikakizungusha kwa nguvu huku nikimwuliza habari za Tabora, akasahau kuugua. Alipokumbuka, aliniinamia sikioni.

"Sista, mimi hawawezi kuniacha. Sema nimeumia mimi, yaishe."

Nimewatibu watu wengi waliojiangusha ili wapate penalti. Aliyejiangusha kwa ajili ya mtu mwingine nilimwona siku ile tu. Na yule mtu mwingine alikuwa ndiye ambaye Kassim alimtukana asubuhi, mchana na jioni, mwaka mzima.

"Sista," Mwalimu aliniita kwa nyuma. Hakupaza sauti. "Nani ameumia hapa?"

Wote walinitazama. Nilimtafuta Severini machoni, na hakuwa ananiomba kitu. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayekuruhusu upite. Nadhani asingenifanyia hivyo nisingeweza kufungua mdomo.

"Severini, Mwalimu. Goti la kushoto. Kassim ni mzima."

Kassim alisimama, akakung'uta nyasi kwenye bukta. Mwalimu alimwuliza ameona nani wa kuchezewa pale.

"Huyu ni mtani wangu, Mwalimu," alisema. "Wa kumfukuza huyu ni mimi peke yangu, na mimi bado sijamaliza naye."

Ulikuwa utani, na hakuna aliyecheka. Mwalimu akasema Severini hachezi Jumapili, akachukua kofia yake akaondoka. Tuliteremka hadi mjini bila mtu kusema nami neno. Mabeki wale wawili walinipita kama wanapita nguzo ya umeme. Niliumia, na nilijua kwamba ningeulizwa tena ningejibu vilevile.

Jumapili Severini alikuja amevaa shati la kanisani. Mwalimu alimwambia akae benchi, basi akakaa ubavuni kwangu, mguu umenyooshwa juu ya kreti, barafu kwenye goti. Nilikuwa nimeiosha. Tajiri alikuwa jukwaa kuu kivulini na miwani yake ya jua. Nafasi ya Severini alipewa kijana mwenye miguu myepesi, anayejua kuuchezea mpira, na jukwaa lilimpenda toka alipougusa mara ya kwanza. Nilimwona Severini akimtazama. Hakuwa na kinyongo usoni, alikuwa na woga tu.

Kwa muda mambo yalikwenda. Kisha nikaanza kazi. Beki wa kulia akapigwa teke la ugoko, nikakimbia. Sijakaa vizuri, beki wa kushoto yuko chini, damu inatoka kwenye ile ngozi laini ya bibi harusi. Kipa akagongwa kichwa na mtu aliyemfikia peke yake bila kuzuiwa na yeyote. Yule kijana mwepesi alikuwa anacheza vizuri sana, ila kila mpira ulipopotea alikuwa mahali pengine. Plasta zilikwisha, nikaanza kuchana kitambaa. Katika miaka yangu yote na ile timu sikuwahi kuingia uwanjani namna ile. Mbele kabisa Kassim alisimama akisubiri mpira kama anayesubiri mgeni asiyekuja, mpaka akachoka akarudi nyuma kuutafuta mwenyewe, na akiupata yuko mbali na goli kiasi kwamba haumsaidii kitu. Tukafungwa. Tukafungwa tena.

Nyuma ya benchi letu walizoea kukaa wapakiaji wa kiwanda, na mmoja wao, mtu wa sauti kubwa asiyekosa mechi, alikuwa amenyamaza muda mrefu. Hakukasirika kama wengine. Nilimsikia akimwambia jirani yake, polepole, kama mtu anayetafuta ufunguo alikouweka.

"Kwani leo nani hayupo?"

Mwenzake alianza kutaja. Kassim yupo. Kipa yupo. Mabeki wale wote wawili. Winga yule pale. Wote wapo, bwana.

"Hapana," alisema yule. "Kuna mtu hayupo."

Severini alikuwa mbele yao kabisa, wangenyoosha mkono wangemgusa begani. Aliinamisha kichwa. Nilidhani analia, nikamwinamia, nikaona anatabasamu, halafu nikaona na machozi yapo.

Mwalimu naye alikuwa amesikia. Aligeuka, lakini hakuwatazama wapakiaji. Alimtazama Severini kwa muda mrefu, huku mpira ukiendelea kuchezwa nyuma ya mgongo wake.

"Sista," aliniambia, "hilo goti lipe muda wote linaoutaka. Halafu unirudishie mtu wangu."

Severini alitaka kusimama, nikamkandamiza bega akae, maana barafu ilikuwa inaanguka. Nyuma yetu yule mpakiaji alikuwa bado anawahesabu wachezaji.